Aliyeonja Kabla ya Wageni

Mke wangu hakuonja mboga kwa kijiko hata siku moja. Alidondosha mchuzi katikati ya kiganja cha mkono wa kushoto, ukiwa bado unatoa mvuke, akaulamba, akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akasema "chumvi" au "muache vile." Katika mikutano mikubwa ya kanisa letu hapa Butembo, wageni walipotoka Lubero na Mutwanga na kulala katika madarasa ya shule, akina mama wa jikoni walipanga masufuria yao na kumngoja. Hakuna sahani iliyotoka kabla yeye hajapita.

Kwetu kuonja hakuhusu chumvi peke yake. Mtu akikupa kinywaji bila kunywa funda la kwanza mbele ya macho yako, utakipokea kwa heshima na kukiweka chini. Watu wanaogopa karuho, sumu ambayo husemwa inaweza kufichwa chini ya ukucha. Kwa hiyo mwenye nyumba hutangulia. Ni kama anasema: ikiwa humu mna kifo, kinianze mimi. Mke wangu alifanya hivyo tangu ujana wake bila kufikiri, kama mwanamume anavyovua kofia mlangoni mwa kanisa.

Ugonjwa ulianza kwa kuwashwa. Alijikuna mikono hadi ikatoka damu, na mimi nikalaumu sabuni. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, maumivu ya kutoboa kutoka tumboni hadi nyuma, akawa analala ameketi. Kwenye kituo cha afya cha jirani walitibu tumbo, halafu tifoidi, halafu ini. Siku moja baada ya ibada alisimama kwenye jua kuwasalimu watu, na wote tukaona macho yake yamekuwa ya manjano. Jioni yake mama mmoja wa kwaya akaja na chupa ya mitishamba ya kutapisha karuho, akaionja mbele yetu, akaiacha mezani.

Daktari wetu wa hapa, kijana mwenye adabu, alimpitisha kwenye mashine ya ekografi, ile inayoonyesha picha ya ndani ya tumbo. Akapitisha tena. Akafuta yale mafuta ya mashine tumboni mwa mke wangu kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida anamwachia muuguzi.

"Papa," aliniambia nje, "iko kitu ku pankreasi. Mashine yangu ni kidogo, haiwezi kuniambia yote. Lakini ile ninaona, hainifurahishi. Mumupeleke Kampala, na musikawie."

Katika vitabu vya Kiswahili kiungo hicho kinaitwa kongosho, lakini kwetu sijasikia mtu akikiita hivyo. Nimechinja mbuzi wengi wa harusi na wa matanga, na nimekishika mkononi: nyama laini, yenye rangi hafifu, imelala nyuma ya tumbo. Tulikuwa tunamtupia mbwa.

Tulishuka Beni kungojea msafara wa magari ya kwenda mpakani Kasindi, maana kwa ajili ya waasi barabara ile haipitwi ovyo. Dada yangu mdogo anakaa pale, katika mtaa unaoitwa komini ya Ruwenzori. Ni mjane, anauza maharagwe, na mdomo wake haujawahi kufungwa na huzuni yoyote. Alimtazama mke wangu akishuka garini.

"Shemeki, umeiva," akasema. "Uko manjano kama ndizi ya soko. Ungebakia siku mbili tena tungekukula."

"Ungenikula na nini? Huna hata chumvi mu nyumba."

"Njo maana nilikuwa nakungojea weye. Bila weye mi sijui kama chumvi inatosha."

Walicheka wameshikana mikono. Kisha dada yangu akaenda nyuma ya nyumba, na nikamsikia akipasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Ng'ambo ya mpaka, katika hospitali kubwa ya Kampala, walimwekea mrija mdogo ndani ya njia ya nyongo. Manjano yakatoka machoni, kuwashwa kukaisha, akalala usiku kucha. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamshukuru Mungu kwa sauti, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasema amina. Nilidhani tumepona. Kesho yake daktari, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba ule mrija ulifungua njia tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado pale, tena ulikuwa umefika kwenye ini. Kisu hakingesaidia. Ilikuwepo dawa ya serumu, ya kudondoshwa mshipani, inayoweza kuuchelewesha kwa muda. Na kulikuwa na jambo lingine la kutuuliza, kama tungependa kulisikia.

Daktari alizungumza Kiingereza. Aliyetufasiria alikuwa mama muuguzi wa upande wa Kasese, Mkonzo. Wakonzo ni ndugu zetu, lugha ni moja, mlima tu umesimama katikati. Lakini karatasi aliyokuwa nayo iliandikwa kwa Kiswahili, naye akaisoma kama ilivyo: kwamba tunaombwa kushiriki katika jaribio la kutumia dawa mbili kwa pamoja.

"Soma tena ile neno," mke wangu alisema.

"Jaribio, Mama."

"Jaribu."

"Jaribio."

"Njo ile ile." Aliketi vizuri. "Mama, mi kila asubuhi ninaomba Mungu asinitie mu majaribu. Tangu nilikuwa mutoto. Sasa mi mwenyewe niandike jina yangu, niombe kuingia?"

Muuguzi alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mke wangu hatanii. Mimi nikaingilia kati. Nimefundisha Maandiko muda mrefu, na nikaanza kueleza kwamba kuna majaribu ya kumwangusha mtu na kuna kujaribiwa kama dhahabu inavyopitishwa motoni, na kwamba Ibrahimu mwenyewe alijaribiwa.

"Papa, unahubiri," aliniambia. "Mi niko mugonjwa, hatuko mu kanisa."



"Na tena," akaendelea, "wakati ya Ebola, batu ya kwetu balisema wazungu banakuya kutujaribu kama panya. Ni mi nilikuwa napita mu manyumba kubaambia hapana, muache kusema vile. Leo nitabaambia nini? Kama panya ni mi?"

Daktari aliuliza mama anasema nini. Muuguzi hakumfasiria mara moja. Aliiweka karatasi juu ya kitanda, maandishi yakiwa chini, akavuta kiti, akaanza kuzungumza kwa lugha yetu ya nyumbani. Alisema kwamba dawa ya kwanza wanaijua. Inasaidia kidogo na inatesa kidogo. Dawa ya pili wanafikiri ikiongezwa inaweza kusaidia zaidi. Wanafikiri tu, hawajui. Kwa hiyo wagonjwa wengine watapewa ile ya kwanza peke yake, wengine zote mbili, na baadaye wataangalia nani walikaa muda mrefu zaidi na nani waliteseka zaidi.

"Na nani anachagua?"

"Hakuna anayechagua. Ni kura. Mashine inapiga kura, hata daktari hajui itasema nini."

Hilo halikunisumbua. Mitume nao walipiga kura walipohitaji mtu wa kujaza nafasi.

"Hiyo ya pili, kuna watu wameshaipata?"

"Wachache."

"Wakapona?"

"Hapana, Mama. Hakuna aliyepona. Sitakudanganya."

"Na kama inaua?"

"Tutasimamisha. Wanaokuja nyuma yako hawatapewa."

Mke wangu alitazama kiganja chake cha kushoto. Nilimjua; nilijua kwamba yuko jikoni. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, kwa ajili ya karatasi nadhani.

"Basi hiyo haiko majaribu. Hiyo ni kuonja. Juu ya nini hamukuandika vile?"

"Walioandika hawapiki, Mama," muuguzi alisema.

Daktari aliambiwa. Alitabasamu, akalirudia lile neno "kuonja" vibaya, mara mbili, hadi mke wangu akamsahihisha.

Kabla ya kuandika jina lake aliniambia masharti mawili. La kwanza, kati ya dawa na dawa akae Beni kwa dada yangu, asikae Kampala kati ya watu asiowajua. La pili alilisema akiwa ameshika shati langu.

"Ukiona imekataa, unirudishe ku nyumba. Butembo. Usinibakishe hapa juu ya kungojea-ngojea. Weye unapenda kungojea."

Nikamwahidi. Ni kweli napenda kungojea. Kungojea kumekuwa kazi ya maisha yangu, nami huiita imani. Lakini siku ile nilikuwa na ombi moja tu mbele za Mungu, aishi, na ahadi ile niliitoa haraka kama mtu anayetoa kitu asichotarajia kudaiwa.

Kura ilimwangukia kwenye dawa mbili. Niliichukua kuwa ni jibu.

Miezi iliyofuata tulipanda na kushuka barabara ile. Kasindi, Beni, Kasindi. Kwenye vizuizi askari walimulika ndani ya gari, wakamwona mama aliyejifunga kitenge hadi puani, wakasema kwa Kilingala tupite. Mwanzoni daktari aliridhika. Picha zilionyesha ule uvimbe umesimama, haukuwa umekua. Dada yangu aliposikia alichinja kuku.

Tuliketi nje, chini ya bati la mbele. Mke wangu alitia nyama na mchuzi mdomoni, akatafuna, akatazama mbali.

"Je, chumvi?" dada yangu akauliza.

"Sijui."

"Hujui namna gani?"

"Ni kama niko natafuna musumari. Yote ni musumari. Hata maji."

Dada yangu aliweka mikono kiunoni. "Tangu uliolewa kwetu ulikuwa unasema mboga yangu ni mubaya. Leo Mungu amekufunga ulimi. Nitapika vile ninataka."

"Ulikuwa unapika vile unataka. Njo ilikuwa shida."

Alicheka, na kucheka kukamuumiza, maana mdomo wake ulikuwa na vidonda ndani. Akaufunika kwa mkono na kuendelea kucheka machoni tu.

Siku nyingine alitaka kusaidia jikoni. Nilikuwa mlangoni nikisoma. Nilimwona akichota maharagwe yanayochemka, akadondosha mchuzi kiganjani kama alivyofanya maisha yake yote, akabaki ameshika. Hakushtuka. Hakuondoa mkono. Aliutazama mchuzi kana kwamba anangojea kitu kutoka kwake. Dada yangu ndiye aliyepiga kelele na kumwagia maji ya mtungi. Ngozi ya kiganja ilikuwa tayari imeanza kuinuka.

"Hukusikia moto?"

"Nilisikia mvua," alisema. "Kama mvua iko mbali."

Dawa ilikuwa imeua hisia za mikono na miguu yake, ikianzia vidoleni. Muuguzi alituambia hilo linajulikana, wataliandika, watapunguza kipimo. Nilimfunga kitambaa. Mkono ule ulikuwa mwepesi sana katika mikono yangu.

Lazima niseme pia kuhusu Beni yenyewe. Majira yale watu walikuwa wakiingia mjini kutoka vijijini na magodoro vichwani, wakikimbia waasi waliokuwa wakiua watu usiku. Kulikuwa na maziko karibu kila mara nilipokwenda kanisani, na majeneza mengine yalikuwa mafupi. Mchungaji alikuwa amepoteza sauti. Nilikuwa naona haya kuomba maombi kwa ajili ya mtu mmoja anayeumwa kitandani, chini ya bati zima, akiwa na watu wake, wakati waliokaa benchi la mbele yangu walikuwa wamezika bila kuona miili kamili. Nilipolieleza hilo kwa mke wangu, alisema Mungu hana foleni. Sikuwa na hakika kama ni faraja au ni kunikaripia.

Kisha ikaja picha ambayo daktari aliitazama kwa muda mrefu. Uvimbe ulikuwa umekua, na kwenye ini palikuwa na madoa mapya. Alitushukuru. Alisema kwa utaratibu wao mama anatoka sasa katika utafiti, na dawa zile mbili zinakoma leo. Ilikuwepo dawa nyingine ya kawaida, mtu angeweza kuijaribu, ingawa hakuwa na matumaini makubwa. Tufikirie.

Tuliketi kwenye benchi la korido. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri. Nilisema tunaweza kupumzika wiki moja, mwili ukapata nguvu, halafu tukaanza ile nyingine. Nilisema Mungu bado hajasema neno lake la mwisho. Nilisema mengi. Yeye alikuwa anachezea ncha ya kitambaa cha mkono.

"Papa."

"Niko hapa."

"Nimeonja. Nimemaliza. Nirudishe."

Nilitazama sakafu. Palikuwa na mwanamke anaipangusa, akatuomba tuinue miguu, tukainua. Sijawahi kuomba kwa nguvu kama nilivyoomba wakati ule miguu yangu ikiwa hewani, na sikuomba kwa maneno. Maji yalipokauka nilikwenda kuuliza saa ya gari la kwenda mpakani.

Muuguzi alitusindikiza hadi langoni. Mke wangu alimwambia, kwa lugha yetu, "Mtaniambia kama ilikuwa na chumvi." Muuguzi akajibu kwamba hesabu itachukua muda, wagonjwa wengine wote lazima wamalize. "Basi mumwambie huyu," mke wangu akasema, akinielekezea kidevu. "Yeye anajua kungojea."

Beni tulilala mara moja tu. Dada yangu alipanda naye garini hadi Butembo, akiwa amemwegemeza kifuani njia nzima, akimsimulia umbeya wa soko. Milima ilipoanza na baridi ikaingia, mke wangu alifumbua macho na kuuliza kama ni kwetu. Tukamwambia ndiyo.

Alikaa kwetu majuma machache. Siyapambi. Maumivu yalikuwa makubwa kuliko sirapu ya kuyatuliza tuliyopewa, na kuna mchana ambao nilitoka kwenda kusimama kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba ili nisisikie. Akina mama wa jikoni la kanisa walikuja kwa zamu, wakamwogesha, wakaimba kwa sauti ndogo. Siku moja aliamka wazi kabisa akaomba maharagwe ya nyumbani. Yaliletwa kwenye bakuli dogo. Dada yangu alikuwa anataka kumlisha, akakataa kwa kichwa, akaniangalia mimi.

"Onja kwanza," alisema.

Nilionja. Kwa kijiko, maana sikujua njia nyingine.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri."

Akafungua mdomo. Alikula vijiko vitatu au vinne hivi na kuvimeza kwa shida, bila kusikia ladha yoyote, akiniamini. Alikufa siku mbili baadaye, alasiri, mvua ikipiga bati kwa nguvu hivi kwamba hakuna kati yetu aliyesikia pumzi ya mwisho. Tulijua kwa kuangalia.

Mwaka ulipita na zaidi. Niliendelea kungojea simu kutoka Kampala, na niseme wazi nilikuwa nangojea kusikia nini. Nilikuwa nataka kuambiwa kwamba zile dawa mbili ni nzuri. Kwamba huko mbele kuna mama mwingine, wa Kasese au wa Lubero, anayezipata na kuishi, na kwamba maumivu ya mke wangu yamekuwa daraja la mtu. Nilikuwa nimeshaandaa hata shukrani nitakayoitoa kanisani.

Muuguzi alipiga simu asubuhi moja nikiwa nakunywa chai. Alinisalimu kirefu, kama inavyotakiwa, akauliza habari za watoto na za mashamba na za usalama.

"Mzee, hesabu imekwisha."

"Sema, binti yangu."

"Dawa ya pili haikuongeza kitu. Waliopata mbili hawakukaa zaidi ya waliopata moja. Na waliteseka zaidi. Vinywa, mikono, vyote. Wamesimamisha. Hakuna atakayepewa tena zile mbili pamoja."

Nilikuwa natazama chai. Nilifikiri juu ya kura, na kwamba niliishukuru. Ingemwangukia upande wa pili, kiganja chake kisingeungua.

"Mzee? Mama alisema nikwambie."

"Alitaka kujua kama kulikuwa na chumvi," nilisema.

"Ilikuwa mbaya, Mzee. Chungu kilikuwa kibaya. Kimemwagwa."

Nilimshukuru, nikamwombea baraka yeye na kazi yake, tukaagana. Ile shukrani niliyokuwa nimeiandaa haikufaa tena, na sikuwa na nyingine. Jumapili nilisimama mbele ya watu nikasema tu kwamba dawa ile aliyoonja mama imeonekana mbaya, na kwamba wagonjwa wa nyuma yake hawatapewa. Nikaketi. Wanaume walikohoa. Lakini kwenye mabenchi ya kushoto, wanakoketi akina mama wa jikoni, mmoja alianza kupiga makofi yale ya polepole ya shukrani, na wengine wakamfuata. Wao walielewa bila kufafanuliwa. Mimi bado najifunza.

Jioni ile mke wa mtoto wangu aliniletea sufuria ya maharagwe, akasimama kando na kungojea nionje, kama wanavyofanya siku hizi. Nilidondosha mchuzi kiganjani. Ulikuwa moto sana, nikaondoa midomo, nikasubiri, nikaulamba.

"Papa, chumvi?"

"Imezidi," nilimwambia.

Akachukua sufuria, akarudi jikoni kuongeza maji.